Darasa la visasili vya Warumi pale Mbale: ada yake ni halali

Kama Jumamosi mchana una nafasi na unapenda kujua mambo yalikotoka, jiandikishe. Hilo ndilo jibu langu kwa wote walionisimamisha pale Malaba kuniuliza habari za darasa hili. Ada ni shilingi 160,000 kwa Jumamosi nane, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na fotokopi unalipia mbali. Linafanyika Mbale, mashariki mwa Uganda, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mnara wa saa, katika chumba cha ghorofani ambacho siku za kazi hutumika kufundishia ushonaji. Mwalimu ni mzee aliyefundisha Kilatini seminarini mpaka akastaafu. Jina lake silitaji kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Anafundisha kwa Kiswahili kilichonyooka, maana darasani wamo Wagisu, Wateso, Wakaramoja, Wakongo na sisi watu wa mpakani, na hakuna lugha nyingine ambayo ingetukalisha sote benchi moja.

Mimi ni wakala wa forodha. Mchana kutwa nashika karatasi za watu: mzigo umetoka wapi, umepakiwa lini, umeingilia kituo gani, nani kauthibitisha. Naitaja kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilipende darasa hili. Tangu shuleni nasikia kwamba Warumi hawakuwa na visasili vyao wenyewe, bali walichukua miungu ya Wagiriki wakaibadilisha majina: Zeus akawa Jupiter, Hera akawa Juno, Ares akawa Mars, yakaisha. Maelezo hayo hayajawahi kuniridhisha. Mzigo usio na tarehe wala kituo cha kuingilia hauvuki mpaka, na Mwalimu naye hauvushi. Kila mungu anayemleta darasani huja na ushahidi wake: chungu kilichofukuliwa, maandishi kwenye bamba la shaba, mwaka hekalu lilipofunguliwa. Asiye na ushahidi anaambiwa asubiri nje kwanza.

Siku ya kwanza alichora ubaoni lile jedwali tunalolijua sote, Wagiriki kushoto, Warumi kulia, akatuacha tulijaze kwa kelele zetu. Tulipomaliza, akaendelea kuandika upande wa kulia peke yake: Janus, Terminus, Robigus, Quirinus, Lares. Akampa chaki binti mmoja wa chuo aliyekaa mbele, akamwambia, "Haya binti yangu, tujazie na kushoto." Binti akasimama, akaandika herufi moja, akaifuta. Hapakuwa na wa kuwekwa pale. Hata mshairi Ovid, Mrumi aliyezijua hadithi za Kigiriki kuliko wengi wa zama zake, alimwambia Janus waziwazi kwamba Ugiriki haina mungu wa kufanana naye.

Huyu Janus nilimpenda mara moja. Ni mungu wa malango na mianzo, mwenye nyuso mbili, mmoja unatazama ndani na mwingine nje. Katika ibada za Warumi ndiye aliyetajwa wa kwanza, hata kabla ya Jupiter aliye mkubwa wa miungu. Hekalu lake pale Roma lilikuwa na milango iliyoachwa wazi wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani. Kaisari Augusto alijivunia kwamba katika utawala wake Baraza la Seneti liliamuru ifungwe mara tatu, ilhali tangu mji uanzishwe hadi siku zake ilikuwa imefungwa mara mbili tu. Tafakari hapo. Zaidi ya miaka 700, amani mara mbili.

Kisha akaja Terminus, na darasa likawaka moto. Terminus ni mungu wa jiwe la mpaka. Si kwamba anaishi ndani ya jiwe au analilinda kwa mbali. Jiwe lenyewe ndiye. Kila tarehe 23 Februari majirani wawili walikutana penye jiwe, kila mmoja akalivika shada upande wake, wakatoa mikate na asali, wakalipaka damu ya mwanakondoo au ya kitoto cha nguruwe, kisha wakala pamoja. Sheria iliyosemekana kuwa ya mfalme Numa ilimlaani mtu aliyeling'oa jiwe la mpaka kwa jembe, yeye pamoja na ng'ombe wake wa kulimia. Na walipotaka kujenga hekalu kubwa la Jupiter juu ya kilima cha Capitolium, ilibidi wamwombe kila mungu aliyekuwa na madhabahu pale aondoke. Wengine wakakubali. Terminus akakataa. Basi hekalu likajengwa kumzunguka, na juu yake paa likaachwa tundu ili aendelee kuliona anga.

Hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Mzee mmoja wa Budadiri, mkulima wa kahawa, alieleza kwa kirefu ugomvi wa shamba la kaka yake, nani aling'oa miti ya mpaka usiku na nani alishuhudia. Mwalimu alimwacha aongee mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Mzee, kwa haya uliyosimulia, watu hawa walihitaji Mgiriki aje awafundishe kumheshimu mungu wa mpaka?" Nadhani hilo ndilo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa katika darasa hili.

Mkulima huyo huyo ndiye aliyetufaa wiki iliyofuata, tulipofika kwa Robigus. Hii ilikuwa nguvu iliyosababisha kutu ya ngano, ule ugonjwa unaogeuza jani kuwa jekundu kabla mbegu haijajaa. Tarehe 25 Aprili kuhani alitoka nje ya mji akamtolea mbwa na kondoo, akamwomba asiiguse mimea. Ovid anasimulia sala hiyo, na ndani yake kuna ombi lililotunyamazisha: kutu na itafune panga na silaha, iiache ngano. Mzee wa Budadiri alituonyesha kwa kidole, hewani, jinsi kutu inavyoanzia chini ya jani la kahawa, unga wa rangi ya machungwa unaobaki kwenye vidole ukiligusa, na jinsi jani linavyodondoka hali bado bichi. Mtu anayeijua kutu namna hiyo haoni ajabu kwamba ilipewa jina na siku yake. Mwalimu akaongeza jambo ambalo Wakatoliki darasani hawakulitarajia: maandamano ya kale ya Kanisa ya kuombea mazao yaliangukia tarehe hiyo hiyo, 25 Aprili, na wanahistoria wengi huyahusisha na sikukuu hii ya kutu.

Naisifu sana njia hii ya kuanzia shambani na mlangoni. Mwalimu angeweza kuanza na Jupiter na radi zake, sote tukafurahi, na tungebaki na jedwali letu la safu mbili. Badala yake alituonyesha dini iliyokuwapo kabla ya hadithi: moto wa Vesta uliotunzwa na wanawali sita, kila mmoja akitumikia miaka 30, Lares wa nyumbani waliolishwa mezani pamoja na watoto, nguvu zilizotajwa kwa kazi zake na mahali pake, bila ndoa wala ugomvi wala vimada. Mwanachuoni wao Varro aliandika kwamba kwa zaidi ya miaka 170 ya mwanzo Warumi waliabudu bila sanamu yoyote. Mungu asiye na sura ni vigumu kumsimulia. Kwa hiyo Wagiriki walipofika na sura na hadithi, walikuta nafasi.

Na walifika mapema mno, na hapa ndipo wengi wetu tulikuwa na picha nyingine kichwani. Tulidhani Warumi waliiteka Ugiriki, wakaona sanamu nzuri, wakazipeleka kwao. Mwalimu alirudi nyuma mpaka karne ya 8 KK, Wagiriki walipoanzisha makazi kwenye kisiwa cha Ischia na kisha Cumae, ufukweni mwa Italia, wakiuza vyungu na kununua madini. Vipande vya vyungu vyao vya karne hiyo vimefukuliwa Roma kwenyewe, kando ya soko la ng'ombe karibu na mto Tiber. Karne ya 6 KK mtu aliacha chungu cha Athene mahali patakatifu pa Vulcan, katikati ya mji, na picha iliyochorwa juu yake ni ya Hephaestus, mungu mhunzi wa Kigiriki. Maana yake ni kwamba wakati ule tayari kulikuwa na watu Roma waliosema: huyu wetu na yule wao ni mmoja. Tena Lavinium, kusini mwa Roma, mwaka 1958 lilipatikana bamba la shaba la karne hiyo hiyo lenye maandishi ya Kilatini ya kuwatukuza Castor na Pollux, mapacha wa Kigiriki, na ndani yake limo hata neno la Kigiriki lililoandikwa kwa sauti ya Kilatini. Hizo ndizo karatasi ninazozitaka. Tarehe ipo, kituo kipo, bidhaa ipo.

Ila wale mapacha wa jina moja, Jupiter na Zeus, hawana karatasi za mpakani kwa sababu hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake. Hao ni ndugu wa babu mmoja. Wasemaji wa lugha za kale zilizozaa Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti walimwita Baba Mbingu, na katika Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, yumo Dyaus Pitar, jina linalokaribia kabisa Jupiter. Kwa hiyo kati ya Zeus na Jupiter undugu ulikuja kwanza, kuazimana kukafuata baadaye, na kilichoazimwa ni hadithi: wake, watoto, hila za mapenzi. Jambo hili Mwalimu alilieleza kwa dakika chache na kwangu zilitosha.

Kwenye vitabu vya Sibyl, nabii wa kike, Mwalimu alikaa, na alifanya vizuri kukaa. Kikongwe alimwendea mfalme Tarquin na vitabu tisa vya unabii, akataja bei. Mfalme akacheka. Kikongwe akachoma vitatu mbele yake, akarudi na sita kwa bei ile ile. Mfalme akasema mama huyu amerukwa na akili. Akachoma vitatu vingine, akauliza kama vitatu vilivyobaki atavichukua kwa bei ile ile, na safari hii mfalme akalipa. Wafanyabiashara wote darasani walianza kuongea kwa pamoja, kila mmoja akisema angefanya nini. Lakini uzito wa kisa uko kwenye yaliyofuata. Vitabu vile vilikuwa vya Kigiriki, vikawekwa ndani ya hekalu la Jupiter chini ya ulinzi wa makuhani maalumu, na kila janga lilipozidi, Seneti iliamuru vifunguliwe. Jibu mara nyingi lilikuwa: mleteni mungu fulani, au mfanyieni ibada kwa taratibu za Kigiriki. Njaa ilipowakaba, wakaahidi hekalu la Ceres, mungu wa nafaka, lililofunguliwa mwaka 493 KK. Tauni ilipowapiga, Apollo akapata hekalu lake mwaka 431 KK. Tauni nyingine ya mwaka 293 KK ikawafanya watume meli mpaka Epidaurus kumleta Asclepius, mungu wa uganga. Alikuja kwa umbo la nyoka, akaruka kutoka melini na kuogelea hadi kisiwa cha mto Tiber. Hekalu lake likajengwa pale, na mpaka leo kisiwa hicho kina hospitali. Mwaka 204 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma, akiwa bado Italia, wakamleta Mama Mkubwa kutoka Asia Ndogo, naye alikuwa jiwe jeusi.

Sasa niambieni, huko ni kuiga? Serikali inakaa, inafungua maandiko, inapiga kura, inatuma ujumbe, inalipia meli, inampokea mungu bandarini na kumpa kiwanja. Miungu hawa waliingia kwa mlango wa mbele na kwa amri. Na wengine walizuiwa. Mwaka 186 KK ibada za siri za Bacchus, mungu wa mvinyo, zilipoenea, Seneti ilizibana kwa sheria kali, ikaamuru vikundi visizidi idadi ndogo ya watu na ruhusa iombwe kwanza. Nakala ya amri hiyo kwenye bamba la shaba ipo mpaka leo, Vienna.

Mwalimu alituandikia ubaoni karamu ya mwaka 217 KK, baada ya Hannibal kuwaangamiza Warumi penye ziwa Trasimene. Kwa siku tatu waliwatandikia miungu vitanda sita vya kulia chakula, wawili wawili: Jupiter na Juno, Neptune na Minerva, Mars na Venus, Apollo na Diana, Vulcan na Vesta, Mercury na Ceres. Kumi na wawili, hesabu ya Kigiriki, na baadhi wamekalishwa pamoja kwa sababu za hadithi za Kigiriki, maana Mars na Venus ndio Ares na Aphrodite waliopendana. Lakini mtazame Vesta, mwanamwali wa moto, amekaa na Vulcan kwa kuwa wote wawili ni moto. Huo ni mpango wa Kirumi. Ukiitazama karamu hiyo kitanda kwa kitanda unaona mifumo miwili imekaa meza moja, na nilijikuta nainakili yote kwenye daftari ingawa fotokopi nilikuwa nayo.

Na Mars! Kama utahudhuria Jumamosi moja tu, omba iwe hii. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, Zeus anamwambia Ares kwamba katika miungu wote ndiye anayemchukia zaidi. Ares ni fujo na damu, hana heshima. Roma, Mars ni baba wa Romulus, mwezi wa Machi ni wake, na uwanja ambapo raia walikusanyika kupiga kura ni wake. Mwalimu alitusomea sala aliyoiandika Mrumi Cato katika kitabu chake cha kilimo: mwenye shamba anazungusha nguruwe, kondoo na fahali kulizunguka shamba lake, kisha anamwomba Baba Mars azuie magonjwa yanayoonekana na yasiyoonekana, ukame wa uzazi na hali mbaya ya hewa, aikuze nafaka na mizabibu, awalinde wachungaji na mifugo. Mungu wa vita anayesimama ukingoni mwa shamba akilinda mahindi, ningesema kama ingekuwa kwetu. Jina likawekwa mkabala na Ares kwenye jedwali, lakini moyo wa Mars haukuhama.

Ijapokuwa hivyo, kuna kisasili kimoja ambacho kimevuka kikiwa na karatasi zote, nacho ni cha Hercules. Alipita Roma kabla haijawa Roma, akiwa na ng'ombe aliowateka magharibi ya mbali. Jitu Cacus likaiba baadhi yao usiku, likawaburuta kwa mikia kinyumenyume hadi pangoni, ili nyayo zionyeshe wametoka badala ya kuingia. Ng'ombe mmoja akalia ndani, Hercules akasikia, akalivunja pango na kulinyonga lile jitu. Madhabahu yake, Ara Maxima, ilisimama kwenye soko la ng'ombe, na wafanyabiashara walimtolea sehemu ya kumi ya faida. Kijana mmoja wa Moroto, ambaye kwa kawaida hakusema sana, alitueleza jinsi wafuatiliaji wa kwao wanavyosoma nyayo za mifugo iliyoibwa: kwato ikivutwa nyuma huchora mstari mrefu mbele ya alama, mtoto wa miaka kumi angeutambua. Alisimama, akatuchorea ubaoni alama mbili, ya ng'ombe anayetembea na ya ng'ombe anayeburutwa. Hapo kisasili cha maelfu ya miaka kilikuwa kimekaguliwa na mjuzi, na Mwalimu alimshukuru kwa kumwinamia kichwa.

Lawama yangu kubwa ni Waetruski. Walipewa nusu ya kipindi, na hiyo haitoshi kabisa. Watu hawa wa kaskazini mwa Roma ndio waliowapa Warumi hekalu la Capitolium na watatu wake, Jupiter, Juno na Minerva, ambao kwa Kietruski walikuwa Tinia, Uni na Menrva; hata sanamu ya udongo ya Jupiter ilifinyangwa na fundi wa Veii aitwaye Vulca. Hadithi nyingi za Kigiriki ziliwafikia Warumi zikiwa tayari zimepita mikononi mwao. Waliwafundisha Warumi kusoma maini ya wanyama. Mwaka 1877 mkulima karibu na Piacenza alilima akatoa ini la kondoo lililotengenezwa kwa shaba, limegawanywa vyumba vyumba, kila chumba na jina la mungu, chombo cha kufundishia waaguzi. Kijana wa Moroto alikuwa na mengi ya kusema juu ya wazee wa kwao wanaosoma matumbo ya mbuzi, na muda ulikuwa umekwisha. Isitoshe, picha ya ini hilo kwenye fotokopi ilitoka weusi mtupu. Ukurasa uliokuwa muhimu kuliko yote haukuonyesha kitu.

Kwa upande mwingine Ovid alipewa Jumamosi mbili nzima. Najua kwa nini: hadithi zake zinapendeza, na nyingi tunazoziita za Kirumi, za watu kugeuka miti na ndege, zimetufikia kupitia shairi lake alilolikamilisha karibu mwaka 8 BK, mwaka ambao Augusto alimfukuza kwenda kuishi pwani ya Bahari Nyeusi. Lakini hizo ni hadithi za Kigiriki zilizosimuliwa kwa Kilatini na msanii mkubwa, na ushahidi wake juu ya mwanzo wa dini ya Kirumi ni mdogo kuliko lile ini la shaba. Kipindi kimoja kingemtosha.

Chumba nacho kina shida. Mvua ya mlima Wanale ikianza, mabati hayaruhusu mtu wa nyuma asikie, na jirani kuna fundi wa kuchomelea asiyepumzika Jumamosi. Mwalimu sauti yake ni ya upole. Kaa mbele.

Wapo watakaojiuliza kuhusu imani zao. Mama mmoja mlokole aliuliza siku ya kwanza kama kuyataja majina haya ya miungu hakutamletea neno. Mwalimu alimjibu, "Mama, tunajifunza watu hawa waliogopa nini na walitumaini nini. Hakuna atakayekuomba upige goti." Alibaki mpaka mwisho, na ndiye aliyekuwa akiuliza maswali magumu zaidi kuhusu Aeneas, shujaa wa mji wa Troya anayesimuliwa kuwa babu wa Warumi.

Maana kwa Aeneas kuna hesabu inayogoma. Wagiriki walihesabu kwamba Troya ilianguka mwaka 1184 KK. Varro aliweka kuanzishwa kwa Roma mwaka 753 KK. Aeneas alitoka Troya ikiungua. Romulus ndiye mwanzilishi wa Roma. Kati yao kuna miaka 431. Mama alisimama akasema Aeneas hawezi kuwa babu wa Romulus kwa karibu namna inavyosimuliwa. Ndivyo hasa, akasema Mwalimu, na ndiyo sababu wakatungiwa wafalme wa mji wa Alba Longa, mmoja baada ya mwingine, kuziba pengo. Kisa cha Romulus na pacha wake walionyonyeshwa na mbwa mwitu kilikuwa cha wenyeji; mwaka 296 KK tayari sanamu yao ilisimamishwa mjini. Kisa cha Mtroya kilitoka kwenye ulimwengu wa Kigiriki. Vyote viwili vilipendwa, hakuna kilichotupwa, na wafalme wakaunganisha. Baadaye Julius Caesar akadai ukoo wake unatoka kwa Aeneas na hivyo kwa Venus, akamjengea hekalu mwaka 46 KK, kisha mshairi Virgil akaiandika safari yote kwa ajili ya zama za Augusto.

Mjadala ulionishika kuliko yote ulikuwa wa Romulus na Kibuuka. Romulus, kwa masimulizi ya mwanahistoria Livy, alikuwa akilikagua jeshi lake ghafla ikaja tufani, wingu zito likamfunika, na lilipoondoka kiti chake kilikuwa kitupu. Watu wakasema amepaa, akawa mungu Quirinus. Wengine walinong'ona kwamba maseneta walimrarua kwa mikono yao. Binti wa chuo, Mganda, akasimulia cha Kibuuka wa visiwa vya Ssese, aliyempigania Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro akiwa juu ndani ya wingu, akimimina mishale, mpaka mateka mwanamke alipogundua siri yake na kuipeleka kwao. Wakalipiga wingu mishale, Kibuuka akaangukia juu ya mti pale Mbaale ya Mawokota, si Mbale hii yetu, na baada ya kifo akawa mungu wa vita. Masalio yake yalichukuliwa wakati wa ukoloni, yakakaa Cambridge, yakarudishwa Uganda mwaka 1962.

Wingu, shujaa anayetoweka, kifo kinachozaa mungu wa vita, mwanamke anayefungua siri kwa adui kama Tarpeia aliyewafungulia Wasabini ngome ya Capitolium. Mtu mmoja nyuma akasema kwa haraka kwamba lazima Waganda waliisikia kwa wamisionari. Mwalimu akamgeukia: "Nionyeshe chungu. Nionyeshe mwaka." Hakuna kilichoonyeshwa. Kufanana peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwigaji, na aliyelikubali hilo kwa Kibuuka hana budi kulikubali kwa Mars na kwa Terminus. Nilitoka pale nikiwa na furaha kubwa, kwa sababu kile ninachowaambia vijana wangu ofisini kuhusu mizigo nilikuwa nimekisikia kikisemwa kuhusu imani za watu, na mtu aliyetumia maisha yake yote kuvisoma vitabu hivyo.

Awamu nyingine inaanza baada ya Pasaka. Wanaotoka Malaba na Busia wapande teksi ya asubuhi, kwa kuwa ukifika saa nane kasoro viti vya mbele vimekwisha. Nunua fotokopi zote siku ya kwanza na uzikague kabla hujalipa, hasa ukurasa wa ini la Piacenza. Ukiwa mweusi, omba upigwe upya kutoka kitabu chenyewe, Mwalimu anacho. Nimemwomba aongeze Jumamosi ya tisa kwa ajili ya Waetruski pekee. Akiikubali, mimi nitailipia hiyo moja na kurudi, na yule kijana wa Moroto ameshasema atakuja.